Taa Isiyoona Pikipiki

Mimi ni fundi wa mota. Mtu akiniletea mota ya pampu au ya mashine ya kusaga unga iliyoungua, naifungua, nang'oa waya uliogeuka mweusi, nahesabu mizunguko yake, kisha nasuka waya mpya wa shaba mahali pake. Kazi hii naifanyia Shauri Moyo, Nairobi, kwenye kibanda cha mabati nilichorithi kwa mtu aliyenifundisha. Wateja wageni hufika na kuniuliza fundi yuko wapi. Huwaambia wakae, fundi yuaja, halafu navuta mota yao na kuanza kuifungua. Wengi huelewa kabla sijatoa skrubu ya tatu.

Pikipiki niliinunua nilipovuka miaka arobaini. Majirani zangu wa mtaa wa Mowlem walisema mengi, hasa akina mama wenzangu wa kanisani, lakini niliwaacha waseme mpaka wakachoka. Sikuinunua ili nibebe abiria. Nilitaka kufika kazini na mota mbili nyuma bila kumwomba mtu yeyote nafasi. Nilijifunza kwa wiki mbili uwanjani, nikafanya mtihani, nikapata leseni, na tangu siku hiyo sijaanguka ila mara moja, tena nikiwa nimesimama.

Mama alipofariki, nilimchukua Baba kutoka nyumbani Machakos akaja kuishi nami. Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Aliendesha lori, akaendesha basi, na miaka ya mwisho akaendesha gari la mikate. Huniita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu nimeitwa jina la mamake. Alikaa nyumbani kwangu wiki mbili bila kulalamika. Asubuhi moja nilipokuwa nikivaa koti, akaniambia, "Mwaitu, hii nyumba yako ina saa moja tu ukutani, nayo inaongea sana."

Nilielewa. Kesho yake nikamnunulia helmeti, nikamketisha nyuma yangu, tukaenda pamoja Shauri Moyo. Kumbe huko alikuwa na mwenyeji. Vibanda vitatu kutoka kwangu kulikuwa na mzee mmoja wa Kiislamu aliyezaliwa hapo hapo Shauri Moyo, mshonaji wa akala, vile viatu vya mpira wa gurudumu. Mguu wake wa kulia uliishia juu ya goti. Nilikuwa namsalimia kila siku bila kujua kwamba yeye na Baba wanajuana. Siku ile ya kwanza walikumbatiana kwa muda mrefu, na Baba akavuta kigoda akakaa kando yake mpaka jioni, akimkatia mipira ya magurudumu kwa kisu. Nilipomuuliza walijuana wapi, alinijibu, "Barabarani." Dereva hujuana na watu barabarani, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Basi tukawa na utaratibu wetu. Saa kumi na mbili na nusu tunatoka, saa moja na kitu nafungua kibanda, naye anakwenda kwa rafiki yake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka taa zilipowekwa.

Barabara inayotutoa mtaani kwetu ni ndogo, na magari mengi huikwepa kwa sababu ya mashimo. Inakutana na barabara kuu mahali ambapo zamani kila mtu alijitokeza akiomba Mungu. Zilipokuja taa, nilikuwa wa kwanza kufurahi. Mafundi waliziweka kwa siku chache, wakakata mistari kwenye lami kwa msumeno, wakalaza nyaya ndani, wakaziba kwa lami nyeusi. Tuliambiwa taa hizi zina akili: barabara kuu itakuwa na kijani muda wote, na mtu akitokea barabara ndogo, taa itamhisi na kumpa nafasi.

Ilimhisi mwenye gari. Sisi haikutuhisi.

Asubuhi ya kwanza tulisimama mbele ya taa nyekundu kwa muda ambao ningeweza kuchemsha chai. Pikipiki za abiria zilitupita kushoto na kulia, zikavuka kana kwamba taa ni nguzo tu. Mmoja wao, mwenyekiti wa steji, kituo chao cha abiria, kijana mpana mwenye jaketi la njano, alipunguza mwendo kando yangu.

"Niaje, mathe! Hiyo taa haionangi nduthi. Wewe katiza tu."

Baba alijibu kabla yangu. "Taa ni nyekundu."

"Itakuwa nyekundu hadi jioni, mzee!"

"Tutangoja."

Tulingoja. Hatimaye gari dogo likaja nyuma yetu, na mara taa ikageuka kijani, kana kwamba mwenye nyumba ameona mgeni anayemtaka. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku nyingine gari lilikuja haraka, siku nyingine tulikaa pale mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Baba hakukasirika hata kidogo. Alikaa nyuma yangu wima, mikono juu ya magoti, akitazama ile taa kama mtu aliyeitwa shahidi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiungua ndani. Nina wateja, nina kazi, na sipendi kupuuzwa na kitu kilichotengenezwa kwa waya.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, mwenye mashine ya kusaga unga alikuwa ananingoja kibandani. Nilikuwa nimemwahidi mota yake saa moja kamili. Mawingu yalikuwa yameshuka, matone ya kwanza yanaanza kupiga helmeti. Taa nyekundu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona nafasi. Nikavuka.

Nafasi niliyoiona haikuwa kubwa kama nilivyodhani. Lori la maji lilikuwa linakuja kwa kasi zaidi kuliko lilivyoonekana, na dereva wake alipiga honi na breki pamoja. Halikutugusa. Tulifika ng'ambo salama, na moyo wangu ukarudi mahali pake. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta la kusema la kuchekesha nilipohisi Baba ananigonga begani mara mbili, kama abiria anayeshuka.

Nilisimama kando. Alishuka, akavua helmeti, akanipa mkononi.

"Baba, mvua inakuja."

"Naiona."

"Nisamehe. Sitarudia."

Aligeuka akarudi kwa miguu mpaka pale kwenye taa, akangoja magari yaishe, akavuka, akashika njia ya nyumbani huku mvua ikimpiga kichwani. Nilimtazama mpaka akapotea. Kisha nikaenda kazini, kwa sababu mtu alikuwa ananingoja. Nilichelewa hata hivyo.

Siku tatu za kazi hakwenda nami. Asubuhi nilimkuta ameshakunywa chai, ameketi chini ya ile saa. Nilimwaga maneno yote ya kuomba radhi niliyokuwa nayo. Alinisikiliza kwa upole akasema, "Nenda kazini, mwaitu." Nikaenda.

Siku ya tatu mshonaji wa akala aliniita nikipita.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Babako mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Amenikasirikia." Nikamweleza habari ya taa na lori la maji. Nilitarajia acheke, kwa kuwa ni mtu wa kucheka. Badala yake aliweka sindano yake chini.

"Hajakwambia tulivyojuana?"

"Alisema barabarani."

"Ndiyo, barabarani." Akagonga kisiki cha mguu wake kwa kidole. "Mimi nilikuwa nikivuta mkokoteni. Nabeba kabichi, naelekea sokoni. Yeye alikuwa na lori. Taa yake ilikuwa nyekundu, akaona nafasi."

Nilikaa kwenye kigoda cha Baba bila kukaribishwa.

"Wengine wangekimbia," aliendelea. "Babako alishuka. Alinifunga mguu kwa shati lake, akanipakia kwenye lori, akanipeleka hospitali, kisha akaenda mwenyewe polisi. Walimfunga miezi kadhaa. Alipotoka, alikuja kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilidhani amekuja kuomba msamaha, kumbe amekuja na kisu na gurudumu la lori. Akaniuliza, 'Unaweza kushona?' Nikamwambia siwezi. Akasema, 'Mimi pia siwezi, lakini najua mtu anayeweza.' Ndiyo kazi hii unayoiona."

"Hakutuambia kamwe," nikasema.

"Angewaambiaje? Nyinyi watoto mlikuwa mnamwona dereva bora duniani. Na alikuwa bora, baada ya hapo." Akachukua sindano yake tena. "Mimi nilishasamehe siku nyingi, mwanangu. Hata nilimwambia kwamba siku ile nami sikuangalia, nilikuwa nakimbizana na soko. Hataki kusikia hilo. Kila nikilisema anabadilisha mazungumzo."

Jioni ile nilifika nyumbani nikamkuta Baba amepika ugali na mboga. Tulikula. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, lakini nilipofungua mdomo nilisema tu, "Rafiki yako ameniambia."

Aliosha mikono taratibu. "Basi sasa unajua."

"Najua."

"Siku zile nami nilikuwa na mtu ananingoja," akasema. "Sikumbuki hata alikuwa nani. Nakumbuka kabichi zikiviringika barabarani, na watu wakiziokota." Akajifuta mikono. "Mwaitu, mimi sikukatazi pikipiki yako. Unaendesha vizuri kuliko vijana wengi. Lakini siwezi kukaa nyuma ya mtu anayevuka nyekundu. Na siwezi kukwambia ungoje hapo kila siku mpaka gari lije, kwa sababu utaichoka ahadi yako, kisha utavuka. Nakujua, kwa kuwa najijua. Kwa hiyo mimi nitakaa hapa nyumbani."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Nilikuwa nimemtoa kwenye nyumba yenye saa ya kelele, na sasa taa ilikuwa inamrudisha huko. Usiku huo nilipolala niliacha kufikiria habari ya radhi. Nilianza kuifikiria ile taa kama ninavyofikiria mota iliyoletwa mezani.

Jumapili iliyofuata nilikosa kanisa. Wakati mtaa uko kwenye maombi na barabara ina nafasi, nilisukuma pikipiki yangu mpaka kwenye makutano nikiwa na kipande cha chaki mfukoni. Nilichuchumaa kando ya njia nikaitazama ile mistari iliyokatwa kwenye lami. Ilichora pembe nne, kama mlango uliolazwa chini, na kutoka kona moja mstari mmoja ulikwenda hadi ukingoni, ukaingia kwenye bomba lililoelekea kabati la chuma.

Nilicheka peke yangu. Ilikuwa koili, mizunguko ya waya kama ile ninayoisuka kwenye mota. Vitu hivi nimevishika mikononi kila siku ya maisha yangu ya kazi, na kwa wiki tatu nilikuwa nimesimama juu ya koili nikiiomba inihurumie. Umeme mdogo huzunguka ndani ya ule waya muda wote. Chuma kikija juu yake, umeme ule hubadilika kidogo, na kifaa kilicho kabatini kinahisi badiliko hilo. Gari ni bati pana, hufunika mlango wote, hata kipofu angelihisi. Pikipiki ni nyembamba. Mimi, kwa heshima zangu zote, nilikuwa nikisimama katikati kabisa ya njia, katikati ya pembe nne, mbali na waya pande zote.

Mwenyekiti wa steji aliniona akaja na wenzake wawili. "Mathe, unatafuta pete?"

"Natafuta njia ya kuonekana."

"Hiyo tuko nayo!" Akainama akanionyesha chini ya injini yake. Alikuwa amebandika sumaku nene ya duara, iliyotolewa kwenye spika kuukuu. "Hii inavuta taa. Wasee wote wa steji wameweka."

"Na inafanya kazi?"

"Siku zingine."

"Hebu peleka pikipiki pale katikati, usimame."

Akasimama katikati, pamoja na sumaku yake. Tulingoja sana. Taa haikujua kama yuko duniani. Nikamwambia aibandue ile sumaku anipe. Kisha nikachora kwa chaki juu ya mstari wa kulia uliokatwa, ule unaokwenda sambamba na njia.

"Sasa simamisha magurudumu yote mawili juu ya hii chaki. Si kando, juu kabisa."

Alisogea akisukuma kwa miguu, akinung'unika. Alipotulia, tulisikia kitu kikilia tik kwenye kabati, na baada ya muda mfupi barabara kuu ikapata nyekundu na sisi tukapata kijani. Vijana walipiga kelele kama timu yao imefunga bao. Yeye mwenyewe alisahau kuvuka.

"Bila sumaku!" akasema.

"Sumaku haina kazi hapa. Na uzito hauna kazi, hata mkibeba watu wanne, na msibebe. Hii inahisi chuma kilicho karibu na waya. Magurudumu yako yapeleke kwenye waya."

Pikipiki yake ilikuwa kubwa, yenye ringi nene za magurudumu. Yangu ilikuwa ndogo. Nilipojaribu, taa ilinihisi mara ya kwanza, mara ya pili ikanipuuza, mara ya tatu ikanihisi baada ya kusogea upana wa kiganja. Nilijaribu mpaka watu walipoanza kutoka makanisani. Nilikuwa nimejua ugonjwa, lakini dawa niliyokuwa nayo ilikuwa nusu. Nikirudi kwa Baba na kumwambia taa itatuona siku nyingine, nilijua jibu lake. Zaidi ya hayo, asubuhi za mvua ule mstari hufunikwa na maji, na mtu hawezi kuulenga. Kile kifaa kabatini kilihitaji kuongezewa usikivu, na kabati lilikuwa na kufuli ambayo si yangu.

Jumatatu nilikwenda ofisi inayohusika na taa. Msichana wa mapokezi aliniambia niandike barua. Niliandika, nikaipeleka, ikapigwa muhuri. Nilipita kuuliza mara mbili. Mara ya tatu sikwenda na barua. Nilichukua kipande cha mbao nyembamba, nikakizungushia waya wa shaba kwa umbo lile lile la pembe nne, nikaunganisha na mita yangu ya kupimia koili, nikafunga kila kitu nyuma ya pikipiki pamoja na kipande cha bati na ringi ya baiskeli. Mlinzi aliniuliza nauza nini. Nikamwambia naleta ushahidi.

Mhandisi aliyetoka kunisikiliza alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye adabu, na haraka usoni.

"Mama, nimesoma barua yako. Lakini pikipiki huwa zinapita tu. Hivi vihisi vimepangwa kwa magari."

"Na pikipiki zinapita tu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu..."

"Kwa sababu taa haizioni. Mtu asiyeonekana atangoja mpaka lini? Nipe dakika tano na meza."

Alinipa meza ya pale mapokezi. Nililaza mbao yangu, nikawasha mita. Nikamwekea bati pana juu, namba zikaruka. Nikaondoa bati, nikasimamisha ringi ya baiskeli katikati ya pembe nne. Namba zilikaa kimya. Nikaisogeza ringi taratibu mpaka juu ya waya, na namba zikatikisika.

"Hapo," nikasema. "Badiliko lipo. Ni dogo, lakini lipo. Kifaa chenu kimeambiwa kipuuze badiliko dogo kama hilo. Kiambie kisikilize zaidi."

Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama kutazama. Mhandisi aliichukua ringi mwenyewe akarudia, mara ya kwanza, mara ya pili. Haraka ilikuwa imemtoka usoni.

"Nikiongeza sana," akasema, na sasa aliongea nami kama fundi kwa fundi, "itaanza kuhisi magari yanayoingia mtaani upande wa pili. Itasimamisha barabara kuu bure."

"Ndiyo maana nataka uje mwenyewe, si umtume mtu. Tuongeze kidogo kidogo. Pikipiki ya kujaribia nitaleta mimi."

"Umesomea wapi mambo haya?"

"Shauri Moyo."

Alikuja wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, na gari moja na msaidizi. Nilifunga kibanda siku hiyo. Mwenyekiti wa steji alileta pikipiki tano za ukubwa mbalimbali, zote bila sumaku, na akawapanga wenzake kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kuongoza. Mhandisi alifungua kabati, akapandisha usikivu hatua mbili. Nikasimama kwenye mstari, kijani kikaja. Nikarudi, nikasimama upande wa kushoto, kijani kikaja. Tulikuwa tumeanza kushangilia wakati gari moja lilipokata kona kuingia mtaani, na taa yetu ikageuka kijani wakati hakuna mtu. Madereva wa barabara kuu walitupigia honi kwa hasira ya haki kabisa.

"Nilikwambia," mhandisi akasema.

"Ulisema kweli. Shusha hatua moja."

Akashusha. Tulirudia yote, kila pikipiki, kila upande, na magari yaingie mtaani yatakavyo. Pikipiki ndogo kuliko zote, kuukuu ya mzee mmoja anayeuza maziwa, ndiyo iliyotusumbua. Juu ya mstari ilionekana, upana wa kiganja kando haikuonekana. Mhandisi alifikiri, akaagiza rangi nyeupe kutoka kwenye gari. Yeye na msaidizi wake walichora alama ya pikipiki juu ya ule mstari wa kulia, si nzuri sana, magurudumu yake yalifanana na mayai, lakini kila mtu angejua pa kusimama hata mvua ikinyesha. Kisha akafunga kabati, akanipa mkono, akaniuliza kama naweza kumtazamia mota ya pampu ya nyumbani kwake. Nikamwambia ailete.

Nilirudi nyumbani mapema nikamwambia Baba, "Inatuona."

"Siku zote?"

"Njoo uone."

Hakuja kwa pikipiki. Alikuja kwa miguu, kesho yake asubuhi, akasimama kando ya ile nguzo mikono nyuma. Mimi nilikwenda kazini. Vijana wa steji waliniambia baadaye kwamba alikaa pale mpaka jua lilipopanda, akitazama kila pikipiki inayosimama juu ya alama, na kwamba kila taa ilipogeuka kijani aliitikia kwa kichwa. Wawili walipojaribu kuvuka nyekundu kwa mazoea, aliwatazama tu, na mmoja alirudi nyuma mwenyewe akapanga gurudumu lake juu ya rangi.

Siku iliyofuata nilipotoka na koti langu, nilimkuta mlangoni amevaa helmeti. Tulikwenda. Kulikuwa na manyunyu. Nilipanga magurudumu juu ya ile alama, nikatuliza pikipiki, nikaweka mguu chini. Hakuna gari nyuma yetu, hakuna gari mbele. Nilimhisi Baba mgongoni pangu amezuia pumzi, nami nilikuwa nimezuia yangu, ingawa mikono yangu ilijua tayari. Kabati likalia tik. Barabara kuu ikasimama, lori kubwa la kokoto likapunguza mwendo, likatulia nyuma ya mstari wake, na taa yetu ikawa kijani.

Dereva wa lori alitazama chini, akatuona wawili tu juu ya pikipiki ndogo, mwanamke na mzee. Baba alimpungia mkono. Dereva naye akapunga. Nikavuka bila haraka.

Shauri Moyo, Baba hakungoja nizime injini. Alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake, akavuta kigoda, akaanza kumweleza kwa mikono yote miwili, akichora pembe nne hewani, akionyesha gurudumu linapokaa. Nilipopita nikiwa na ufunguo wa kibanda, nilimsikia mshonaji wa akala akimuuliza kama sasa wanaweza kuongea habari ya ile siku ya kabichi, siku ambayo naye hakuangalia. Baba akanyoosha mkono akachukua kisu na kipande cha gurudumu.

"Haya, sema," akamwambia. "Nasikiliza."